Askari wa Mawe Mbele ya Mahakama ya Graham

Katika miji mingi ya kusini mwa Marekani, mbele ya mahakama ya kaunti, yaani kitengo cha utawala kilicho chini ya jimbo, husimama sanamu ya askari asiye na jina, akiwa juu ya nguzo ndefu na bunduki yake mkononi. Askari huyo ni wa Shirikisho, muungano wa majimbo 11 yaliyojitenga ili kulinda utumwa, yakapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1861 hadi yaliposhindwa 1865.

Vita hivyo viliua zaidi ya watu 600,000, wengi wakazikwa mbali na kwao, hivyo majonzi ya familia zao yalikuwa ya kweli na hayastahili kubezwa. Hata hivyo, minara ya awali ya maombolezo iliwekwa zaidi makaburini. Ile ya mahakamani ilienea hasa baada ya 1900, ikigharimiwa mara nyingi na United Daughters of the Confederacy, chama cha wanawake wa uzao wa askari hao kilichoundwa 1894, wakati majimbo ya kusini yalipokuwa yakiwanyang'anya watu weusi haki ya kupiga kura.

Mji wa Graham, makao makuu ya Kaunti ya Alamance katika jimbo la North Carolina, unaonyesha jambo hilo waziwazi. Usiku wa tarehe 26 Februari 1870, wanaume wa Ku Klux Klan, kundi la siri la kuwatisha watu weusi, walimtoa nyumbani kwake Wyatt Outlaw, fundi seremala mweusi aliyekuwa diwani na konstebo wa mji, wakamnyonga kwenye mti karibu na mahakama ya kaunti hiyo. Watu kadhaa walishtakiwa, lakini sheria ya msamaha ya jimbo ikawaokoa, na hakuna aliyeadhibiwa. Mnara wa askari wa Shirikisho ulipozinduliwa mbele ya mahakama hiyo 1914, mmoja wa wasemaji alikuwa Jacob Long, aliyewahi kuliongoza kundi hilo katika kaunti. Mweusi aliyefika mahakamani kudai haki alilazimika kuupita mnara huo, na ndiyo maana mahali uliposimamishwa pana uzito zaidi kuliko maneno yaliyochongwa juu yake.

Sheria ya jimbo ya 2015 inazuia kuondolewa kwa minara ya aina hiyo. Waliotaka mnara wa Graham uhamishwe walifungua kesi, lakini mwaka 2024 mahakama ya rufani ya North Carolina iliamua kwamba kaunti haina mamlaka ya kuuondoa.