Azimio kwa Heshima ya Wafu: Lina Kazi Gani?

Tarehe 29 Oktoba 2019 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikubali azimio juu ya Waarmenia waliouawa toka mwaka 1915 katika ufalme wa Osmani, uliotangulia inchi ya Uturuki. Wajumbe 405 walikubali, 11 walikataa. Tarehe 12 Desemba Senati nayo ikakubali azimio lake, wala hapana aliyepinga.

Katekista anaweza kuulizwa: «Wafu wanapata faida gani?» Swali hili ni la haki, basi tulitazame.

Azimio la namna hii si sheria. Halimfungi mtu, wala halimrudishii mjukuu shamba la babu yake. Linasema mambo matatu: mauaji yale yalikuwa jenosidi, maana yake kuua kwa kusudi la kuangamiza taifa, serikali isishirikiane na wanaoyakana, watu wafundishwe habari zake.

Je, hayo ni maneno matupu? Hapana. Miaka mingi wakubwa wengi wa Marekani walikwepa jina hilo, wasikosane na Uturuki, mwenzao katika mapatano ya vita. Uturuki yenyewe inalikataa hata leo.

Wengine walisema wajumbe walisukumwa na hasira, kwa sababu mwezi ule ule Uturuki ilikuwa imeingiza askari Siria. Pengine ni hivyo. Lakini ukweli haugeuki uwongo kwa sababu msemaji amechelewa, au moyo wake haukuwa safi. Amri ya nane yatudai ushuhuda wa kweli, hata ukituletea hasara.

Tena, kutaja zambi si kuchukia watu. Katika kitubio twaitaja zambi ili iondolewe, si ili mtu aangamizwe. Mturuki wa leo hakuua mtu mwaka 1915. Na siku zile walikuwako Waislamu waliowaficha Waarmenia nyumbani mwao.

Eklezya nayo imewakumbuka. Ignatius Maloyan, Askofu mkuu wa Waarmenia Wakatoliki wa Mardin, aliuawa Juni 1915 kwa kukataa kuacha imani. Aliandikwa Mwenye Heri tarehe 7 Oktoba 2001, na Mtakatifu tarehe 19 Oktoba 2025.

Basi, wandugu, tukifundisha habari hii tushike mambo mawili pamoja: tuite zambi kwa jina lake, tusimwachie mtoto deni la damu ya babu yake. Anayeacha la kwanza anawanyima wafu haki. Anayeacha la pili anatayarisha wafu wengine.