Subira Siyo Kungoja: Funzo la Vita Dhidi ya Ujinga

Neno subira limechafuliwa. Mnyonyaji humwambia mnyonge asubiri. Kiongozi mvivu naye huwaambia wananchi wasubiri. Subira ya aina hiyo ni kasumba, na sisi hatuitetei. Subira tunayoizungumzia hapa ni ya mtu anayeirudia kazi ileile mwaka hata mwaka, ingawa matunda yake hayaonekani upesi. Mfano tulio nao karibu ni kisomo cha watu wazima nchini Tanzania.

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Tarehe 31 Desemba 1969 Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 nguvu zilielekezwa kwanza kwenye maeneo machache, yakiwamo Mafia na Ukerewe, na mwezi Septemba mwaka huo mkutano wa TANU uliagiza ujinga ufutwe nchi nzima ifikapo mwisho wa 1975.

Kutoa azimio ni kazi ya siku chache. Kisomo chenyewe ni jambo jingine kabisa. Darasa lilikutana alasiri, chini ya mti au katika jengo la shule, wanafunzi wakiwa wametoka shambani na akina mama wakiwa na watoto mgongoni. Mwalimu mara nyingi alikuwa wa kujitolea, pengine kijana aliyemaliza shule ya msingi juzi tu, na posho yake ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Vitabu vilihusu pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, ili mtu ajifunze herufi kutokana na kazi anayoijua. Msimu wa kulima ulipofika mahudhurio yalipungua. Kada mwenye pupa akiona hivyo huandika katika taarifa yake kwamba wananchi hawataki kusoma, kumbe wananchi wako shambani! Mwalimu mwenye subira alijua hivyo, akafungua tena darasa baada ya mavuno, akaanza na herufi zilizokwisha sahaulika.

Mwezi Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa. Matokeo yalionyesha kuwa asilimia 39 ya watu wazima bado hawakujua kusoma na kuandika. Lengo halikufikiwa, na hakuna haja ya kulificha hilo. Ingewezekana kutangaza ushindi wa uongo au kukata tamaa na kuhamia kampeni nyingine. Badala yake madarasa yaliendelea. Mwaka 1977 idadi ilishuka hadi asilimia 27, na mwaka 1986 ikawa asilimia 9.6. Hii ilikuwa miaka kumi na moja baada ya mwaka uliolengwa.

Hata hivyo tukiishia hapo tutakuwa tumejidanganya. Anayejua kusoma akikosa cha kusoma husahau. Hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 ilipunguza fedha, karatasi na magazeti ya vijijini, na madarasa mengi yakafa kimya kimya. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watano hajui kusoma na kuandika. Tofauti za njia za kupima zinaeleza sehemu ya jambo hili. Kwa maoni yetu hazielezi lote. Sehemu iliyobaki ni yetu sisi tuliodhani kwamba ujinga ukishapigwa mara moja umekufa.

Kwa hiyo kada anayekagua kijiji asianze kwa kuuliza ni wangapi wameandikishwa, maana daftari hujaa kwa siku moja. Aulize darasa lilikutana lini mara ya mwisho, mwalimu ameketi nao misimu mingapi, na yule mama aliyefaulu mwaka juzi anasoma nini leo.