Pikipiki Isimame Imara: Jinsi ya Kufunga Stendi ya Kati



Asubuhi moja ya masika tulikuwa Rungwe, mkoani Mbeya. Tulikwenda kutazama darasa la kisomo. Rungwe ni nchi ya mvua na ng'ombe wa maziwa. Siku hiyo njia ilikuwa tope tupu. Mbele ya kituo cha kukusanyia maziwa palisimama pikipiki moja. Ilikuwa na madumu mawili ya maziwa, kila dumu lita 20. Iliegemea stendi ya pembeni. Mwenyewe alikwenda kumwita mtu wa kumsaidia kushusha mzigo.

Basi, tukaona mguu wa stendi unazama taratibu katika tope. Kabla hatujafika, pikipiki ikaanguka. Dumu moja likapasuka, lita 20 zikamwagika. Mtoto aliyekuwa akicheza hapo aliruka. Bomba la moshi, ambalo bado lilikuwa la moto, lilimkosa kidogo tu.

"Maziwa haya si yangu, Mwalimu," kijana mwenye pikipiki alituambia. "Ni ya majirani. Jioni nitawaambia nini?"

Mama mmoja aliyekuwa amebeba ndoo yake akamjibu, "Utawaambia ukweli, mwanangu. Halafu utafute stendi ya kuaminika."

Maneno ya mama yule ndiyo yaliyotufanya tuandike somo hili.

STENDI YA KATI NI NINI?

Pikipiki nyingi zina stendi ya pembeni. Hiyo ni mguu mmoja upande wa kushoto. Pikipiki huuegemea mguu huo kama mzee anavyoegemea mkongojo. Ardhi ikiwa laini, mguu unazama. Mzigo ukiwa mzito, pikipiki inaanguka.

Stendi ya kati ina miguu miwili. Imefungwa chini ya fremu, nyuma ya injini. Ukiishusha, pikipiki inasimama wima. Uzito wake unakaa mahali patatu: miguu miwili ya stendi na gurudumu la mbele. Gurudumu la nyuma linainuka juu. Kwa hiyo unaweza kuziba pancha, kupaka mnyororo oili, au kupima oili ya injini bila mtu wa kukushikia.

Pikipiki nyingine hutoka kiwandani zikiwa na stendi hiyo. Nyingine hazina. Nyingine zilikuwa nayo, ikakatika au ikang'olewa. Mwenye pikipiki anaweza kununua stendi dukani na kuifunga. Lakini kwanza apime.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Chukua futi ya fundi, kalamu na daftari. Tazama chini ya fremu. Je, kuna masikio mawili ya chuma yenye matundu? Hapo ndipo stendi hufungwa. Kama yapo, pima vitu vitatu na uandike:

1. Nafasi kati ya sikio na sikio.
2. Upana wa tundu.
3. Kimo kutoka kwenye tundu mpaka chini. Pikipiki iwe wima, magurudumu yote mawili yakiwa chini.

Mguu wa stendi uwe mrefu kidogo kuliko kimo hicho. Tuseme kimo ni sentimita 28. Stendi ya sentimita 26 ni fupi, haitainua gurudumu. Stendi ya sentimita 36 ni ndefu mno, hutaweza kuipandisha pikipiki juu yake. Ya sentimita 30 yaweza kufaa.

Na kama masikio hayapo? Hapo tunasema wazi: usitoboe fremu, wala usimpe mtu yeyote tu aichomelee. Fremu ni uti wa mgongo wa pikipiki. Ikitobolewa au kuchomelewa vibaya, inaweza kukatika ukiwa safarini. Tena moto wa kuchomelea karibu na tangi la petroli ni hatari kubwa. Ni afadhali uendelee na stendi ya pembeni, na uweke kipande cha ubao chini yake.

KAZI YENYEWE

Tafuta mtu mmoja wa kukusaidia. Fanya kazi mahali pa tambarare na pagumu. Injini iwe imepoa. Funga bomba la petroli.

Kwanza, tegemeza pikipiki. Weka gogo au sanduku imara chini ya fremu. Usiliweke chini ya bomba la moshi. Mwenzako aishike pikipiki kwa usukani na keria, asiiachie mpaka kazi iishe.

Pili, safisha. Kwangua kutu na tope kwenye masikio. Tazama kama kuna ufa. Ukiona ufa, simama hapo hapo, umwite fundi.

Tatu, paka grisi kwenye bushi. Bushi ni kile kibomba kidogo ambacho stendi huzungukia. Bila grisi, stendi itakwama kwa kutu na tope.

Nne, ingiza stendi kati ya masikio, kisha pitisha bolti. Weka washa na nati. Kaza kwa spana yenye namba inayolingana na nati. Namba imeandikwa kwenye spana, isome. Spana kubwa kuliko nati huila nati, na nati iliyolika haikazi tena. Kama bolti ina tundu la pini, weka pini mpya na uikunje ncha zake. Ukimaliza, stendi ipande na kushuka bila kukwama. Lakini isicheze kulia na kushoto.

Tano, funga springi. Hapa ndipo penye hatari. Springi ya stendi ina nguvu nyingi. Ikiponyoka inaweza kung'oa jicho. Vaa miwani, na usiweke uso mbele yake. Usiivute kwa bisibisi.

Ipo njia rahisi. Ikunje springi upande mmoja mpaka pete zake zifunguke, kisha chomeka washa au sarafu ndogo katikati ya pete. Ikunje upande wa pili, chomeka nyingine. Fanya hivyo mpaka springi irefuke. Sasa itaingia kwenye kulabu zake kwa urahisi. Ukiisogeza stendi, springi itavutika na sarafu zitaanguka zenyewe. Zihesabu. Kama ulichomeka 8, ziokote 8.

Stendi nyingine zina springi mbili, moja ndani ya nyingine. Usiache moja ukisema, "Hii moja inatosha." Moja ikikatika, ya pili huishika stendi isianguke.

KWA NINI SPRINGI NI MUHIMU HIVYO?

Tazama springi inavyofanya kazi. Stendi ikiwa juu, springi huivuta ibaki juu. Stendi ikiwa chini, springi ile ile huivuta ibaki chini. Katikati kuna mahali inapogeuka.

Sasa fikiri. Unakwenda mbio, umempakia mama mgonjwa. Springi imechoka. Unapita kwenye shimo, stendi inashuka. Unakata kona, mguu wa chuma unakwaruza ardhi na kuinua gurudumu la nyuma. Pikipiki haigeuki tena unakotaka. Stendi uliyoifunga ili pikipiki isianguke ndiyo inayokuangusha.

Kwa hiyo, springi iliyonyooka, yenye ufa au iliyoliwa na kutu ibadilishwe mara moja. Usifunge stendi kwa mpira wa baiskeli wala kwa kamba ya katani.

JARIBU KABLA YA KUONDOKA

Pandisha stendi juu. Waambie watu wawili wakae kwenye pikipiki ili shokapu zishuke. Wewe uiname utazame. Je, stendi inagusa mnyororo? Inagusa tairi? Inagusa bomba la moshi au fimbo ya breki? Ikigusa chochote, usiendeshe.

Halafu shusha stendi na usimamishe pikipiki juu yake. Gurudumu la nyuma liinuke kidogo tu, kama upana wa vidole viwili. Pikipiki isiyumbe.

Mwisho, endesha polepole kwenye njia yenye mashimo. Sikiliza. Ukisikia stendi ikigonga, rudi ukaikague. Baada ya safari ya kwanza kaza nati tena. Baada ya wiki moja, itazame tena.

KUPANDISHA PIKIPIKI JUU YA STENDI

Wengi huinua kwa mgongo, kisha wanalalamika kiuno. Kumbe kazi ni ya mguu! Simama upande wa kushoto. Mkono wa kushoto ushike usukani, wa kulia ushike keria. Kanyaga stendi kwa mguu wa kulia mpaka miguu yake yote miwili iguse ardhi. Kisha ukanyage kwa uzito wako wote, huku mkono ukiiongoza pikipiki kurudi nyuma. Itapanda yenyewe.

Onyo moja zaidi. Pikipiki ikiwa juu ya stendi, gurudumu la nyuma huzunguka huru. Wako watu wanaowasha injini, wanatia gia, halafu wanapaka mnyororo oili huku unazunguka. Kitambaa kikinaswa, vidole vinafuata. Mnyororo hauna huruma. Zima injini, zungusha gurudumu kwa mkono. Na watoto wakae mbali.

YULE KIJANA WA MAZIWA

Tuliporudi Rungwe tulimwuliza habari zake. Majirani walimsikiliza, naye akawalipa maziwa yao kidogo kidogo. Stendi alinunua mara mbili. Ya kwanza aliichukua kwa kukisia kwa macho, haikuingia kati ya masikio, na muuzaji alikataa kuirudisha. Mara ya pili alikwenda dukani na daftari lenye namba tatu.

"Mwalimu," alituambia huku akicheka, "zile namba tatu zingeniokolea fedha kama ningeziandika mapema."

Nasi twasema hivyo hivyo. Aliyejifunza kusoma na kuandika asiiache kalamu nyumbani anapokwenda dukani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja vitu vitatu vya kupima kabla ya kununua stendi ya kati.
2. Kwa nini sarafu au washa huchomekwa kwenye springi?
3. Kimo kutoka kwenye tundu mpaka chini ni sentimita 31. Stendi ya sentimita 29 itafaa? Eleza sababu.
4. Tazameni pikipiki moja ya kijijini kwenu. Je, springi yake ni nzima? Mwambieni mwenyewe mlichokiona.

Kazi njema, ndugu wasomaji, na safari salama.