Darasa la Picha za Mtaani Mtandaoni: Unalipia Nini Hasa?

Ukifungua simu siku hizi hukosi tangazo la darasa la kupiga picha za mtaani. Wiki sita, mubashara, kila Jumanne saa mbili usiku, nafasi ni chache, lipa leo. Mengine ni mazuri kweli. Mengine ni video ambazo ungezipata bure YouTube, ila zimewekewa saa na bei. Kabla hujaweka PIN yako, hebu tuangalie tofauti iko wapi.

Picha za mtaani ni picha za maisha ya watu mahali pa umma, bila kupangwa. Makanga anayening'inia mlangoni pale Tom Mboya, mvutaji mkokoteni akipenya kwenye foleni Muthurwa, watu wamejikinga mvua nje ya duka. Hazihitaji studio wala kamera ya bei. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipata sifa kwa Leica ndogo na lenzi ya milimita 50, na wewe unaweza kuanza na simu uliyonayo. (Futa lenzi kwanza. Mafuta ya vidole yameharibu picha nyingi kuliko ukosefu wa kipaji.)

Na darasa si lazima. Vivian Maier alikuwa yaya huko Chicago, akapiga picha zaidi ya 100,000 ambazo karibu hakumwonyesha mtu. Zilianza kujulikana baada ya mizigo yake kuuzwa kwenye mnada mwaka wa 2007, na alifariki 2009 kabla dunia haijamjua. Lakini wengi wetu si Maier. Tunapiga picha ileile mara mia, mtu akiwa katikati, mbali, mgongo umegeuka, na hatujui kwa nini haivutii.

Hapo ndipo darasa la mubashara linaweza kukufaa. Mambo ya kamera unaweza kuyasoma peke yako jioni moja: kasi ya 1/500 ya sekunde humgandisha mtu anayetembea, lenzi ya milimita 35 kwenye kamera kubwa, ukiiweka f/8 na kulenga mita 3, hukupa kila kitu kikiwa wazi kuanzia takriban mita 2 hadi 7, kwa hivyo huna haja ya kuhangaika kulenga upya. Hakuna sababu ya kulipa elfu kadhaa kusomewa hayo.

Unacholipia ni mtu kuangalia picha ZAKO. Darasa zuri huenda hivi: kila mwanafunzi anatuma picha chache za wiki, mwalimu anazifungua mbele ya wote na kuanza maswali. Ulisimama wapi? Mbona ule mlingoti unamtoka mama mboga kichwani? Ungesogea hatua mbili kushoto ungepata nini? Halafu anakupa kazi, mathalani usimame kona moja saa nzima: kwanza tafuta mwanga na mandhari mazuri, kisha subiri mtu aingie. Kwa hapa kwetu karibu na ikweta kazi hiyo ina ratiba yake, maana jua la saa sita liko juu ya kichwa na nyuso zinakuwa na vivuli vizito, na ule mwanga laini wa jioni hauchukui muda kuisha. Wiki inayofuata unarudi na picha, anakuonyesha kilichobadilika. Video haiwezi kukufanyia hivyo.

Kwa hivyo swali la kumuuliza mwalimu kabla ya kulipa ni moja: “Darasani tuko wangapi, na picha zangu zitaangaliwa mara ngapi?” Wanafunzi 8 kwa dakika 90 ni kama dakika 11 kila mmoja, hiyo ni poa. Wanafunzi 60 ni mkutano wa hadhara.

Sasa pesa.

Omba kulipia somo moja kwanza, au kulipa kila wiki. Mwalimu anayejiamini mara nyingi atakubali. Akisisitiza ulipe kozi nzima leo usiku la sivyo ofa inaisha, tulia. Ofa ya kweli haikimbii mtu anayeuliza maswali. Lipa kwa nambari ya Till au Paybill ikiwa anayo, na usome jina linalotokea kabla hujathibitisha. Kama tangazo linasema chuo fulani na jina linalokuja ni la mtu usiyemjua, simama hapo, uliza. Ni rahisi kusitisha malipo kuliko kuyarudisha. Na hifadhi ujumbe wa malipo hadi kozi iishe, si hadi siku ya kwanza tu.

Usisahau bando. Video inayotumia megabiti 1 kwa sekunde hula takriban megabaiti 450 kwa saa. Somo la dakika 90 ni kama 675, na masomo sita ni giga 4 na kidogo. Ongeza hiyo kwenye bei ya darasa ndipo useme ni bei nafuu. Ukibanwa, zima video yako mwenyewe. Mwalimu anahitaji kuona picha zako, si sura yako. Kama mwalimu yuko London, kumbuka pia saa: somo la saa moja jioni kwao ni saa nne usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa tatu usiku wakati wa kiangazi chao.

Kuna jambo lingine ambalo tungependa ulikumbuke sana. Darasani utaombwa kuonyesha skrini yako ili wenzako waone picha. Wakati huo, kila ujumbe unaoingia unaonekana na wote: salio lako, jina la aliyekutumia pesa, hata ile nambari ya siri ya mara moja kutoka benki. Zima arifa kabla ya somo, funga programu ya malipo, fungua folda ya picha peke yake. Na mtu akikwambia upakue programu ya kumruhusu “akusaidie” kuendesha simu yako kutoka mbali, ondoka kwenye kikao. Hakuna somo la picha linalohitaji hiyo.

Ukitoka nje na simu mkononi, nao watu unaowapiga picha wana haki zao. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu kuwa habari zake binafsi. Sheria hiyo ina nafasi kwa kazi za sanaa na uandishi wa habari, lakini usiichukulie kama ruhusa ya kila kitu. Mnamo Septemba 2023, klabu moja Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ukitaka kutumia picha ya mtu kutangaza biashara, muombe. Mtoto, muombe mzazi. Mtu akikuashiria hataki, shusha simu, na kama umeshapiga, ifute akiona. Ukiwa na mwalimu ambaye somo lake la kwanza ni jinsi ya kupiga watu kwa siri bila kuwahi kutaja haya, pesa yako itafute mwingine.

Wapo watakaokuomba chai baada ya kuwapiga. Walimu hawakubaliani kuhusu hili. Sisi tunaona ni afadhali kununua nyanya za mama kwa bei yake, kisha umtumie ile picha kwa WhatsApp. Ukirudi wiki ijayo na kazi nyingine ya mwalimu, hutakuwa mgeni pale.