Kagua Baiskeli Kabla Haijakupeleka Wodini

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii malaria wala kuhara. Tunazungumza juu ya baiskeli. Huenda ukauliza, baiskeli na afya vinahusianaje? Nisikilize.

Huku Ikoma baiskeli ni kama mmoja wa familia. Inachota maji, inapeleka mahindi mashineni, inambeba mama mjamzito kwenda kliniki na watoto kwenda Misa. Pikipiki zimeongezeka, lakini kuanzia Robanda hadi Natta wapo wengi wanaoitegemea baiskeli bado. Njia zetu zina changarawe na makorongo, na mtikisiko huo hulegeza nati moja baada ya nyingine bila mwenyewe kujua.

Baba mmoja alituletea mtoto wake wa miaka sita, kisigino kikivuja damu. Mtoto alikuwa amepakiwa nyuma. Kikanyagio chake kilikuwa kimepoteza nati, baba akakifunga kwa kipande cha tyubu. Kwenye mteremko tyubu ilikatika, mguu ukaingia kwenye spoki. Siku ya kwanza jeraha lilionekana dogo. Siku ya nne ngozi ya kisigino ilikuwa nyeusi, imekufa, ikabidi tuiondoe. Mtoto alilala wodini wiki tatu. Baba aliniambia, "Sista, nilijua nati ile haipo. Kila siku nilisema nitanunua kesho."

Ndugu zangu, nati ile ina bei ndogo kuliko bandeji tulizotumia siku moja.

Ukaguzi wa kila Jumamosi

Chagua siku moja ya juma. Jumamosi jioni inafaa, kwa kuwa kesho yake mnasafiri kwenda kanisani. Futa vumbi kwanza, maana uchafu huficha ufa. Kisha fuata hatua hizi:

1. Breki. Bana breki ya mbele na kusukuma baiskeli, kisha fanya hivyo kwa ya nyuma. Gurudumu likiendelea kuzunguka, usiipande. Tazama mipira ya breki: ikiisha, chuma hukwaruza ringi na breki haishiki. Kama breki ni za waya, waya uliochanika nyuzi ubadilishwe. Usipake mafuta kwenye ringi wala mipira ya breki.

2. Tairi. Tairi kipara, lililopasuka ubavuni, lililovimba au linaloonyesha nyuzi limekwisha kazi. La mbele ni la hatari zaidi, kwa sababu likipasuka kwenye mwendo usukani hukuponyoka.

3. Spoki na gurudumu. Inua gurudumu ulizungushe. Likiyumba, tafuta spoki iliyolegea au kukatika. Spoki moja ikikatika, uzito huwaelemea jirani zake, nazo hukatika. Kisha tikisa gurudumu kushoto na kulia. Likicheza, gololi zake zimelika au nati zimelegea.

4. Usukani. Bana gurudumu la mbele katikati ya magoti na kuzungusha usukani. Ukigeuka peke yake, ukazwe. Chunguza chuma kinachoshika gurudumu la mbele: rangi iliyopasuka au mstari wa kutu huweza kuwa ufa.

5. Cheni na pedali. Shika cheni pale inapopita mbele ya jino kubwa, uivute. Ikiinuka hadi jino lionekane nusu, cheni imelika. Mikono ya pedali isicheze, maana ikiteleza ukiwa mlimani utaanguka.

6. Keria na vikanyagio. Gusa kila nati. Iliyopotea inunuliwe, siyo kufungwa kwa tyubu.

Kinachokushinda, mpelekee fundi.

Unapompakia mtoto

Mtoto avae viatu, awe na mahali imara pa kukanyaga, na fundi aweke kizuizi cha kufunika spoki pande zote mbili. Kanga za akina mama zikunjwe vizuri, zisifike kwenye gurudumu.

Ajali ikitokea

Mguu ukinasa, simamisha baiskeli. Usiuvute kwa nguvu. Kunja au kata spoki uutoe taratibu. Osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, lifunike kwa kitambaa safi. Damu ikitoka sana, kandamiza. Mguu ukiwa umevunjika, ufunge kwenye ubao usichezecheze. Usipake majivu, dawa ya meno wala kinyesi cha ng'ombe.

Njoo zahanati siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo, maana ngozi iliyosagwa huweza kufa baada ya siku kadhaa. Pia vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, navyo havikosekani njiani kwetu. Njoo na kadi ya kliniki ya mtoto tuone chanjo zake. Aliyegonga kichwa akazimia, kutapika au kusinzia ovyo apelekwe hospitali mara moja.

Mtoto yule sasa anatembea, ingawa kovu linambana avaapo viatu. Baba yake hukagua baiskeli kila Jumamosi, na mtoto ndiye anayemshikia spana.

Jumamosi hii, baada ya kupiga pasi nguo za Misa, toka nje ukaiguse baiskeli yako nati kwa nati. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Awabariki nyote.