Mti Uliochomwa na Baridi: Weka Panga Chini Kwanza

Wenye nyumba wengi wa nyanda za juu wana mapenzi makubwa na miti ya ukoo wa mnazi. Pita Limuru, Ol Kalou, Molo ama Timau ujionee. Nyasi zikishapandwa na lango likapakwa rangi, kinachofuata ni miti miwili ya kupendeza, mmoja kila upande wa njia ya kuingilia. Miti hii huipa boma heshima. Haitapakazi majani ovyo kila siku, na mizizi yake haisumbui msingi wa nyumba kama ile ya mikaratusi. Wako hata wazazi wanaoupanda mtoto anapozaliwa, ili wawili hao wakue pamoja.

Taabu huanza asubuhi moja ya Januari. Watu wanaamka na kukuta nyasi zimekuwa nyeupe kama zilizomwagiwa unga. Jua linapopanda, weupe ule unayeyuka na kila mtu anausahau. Lakini baada ya siku mbili tatu, makuti yaliyokuwa ya kijani yanakuwa na rangi ya maji machafu, kisha yanageuka hudhurungi na kukauka kana kwamba yamepitiwa na moto. Hapo ndipo mabishano huingia nyumbani. Baba anasema mti umekufa, uondolewe upesi, maana ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama anasema tungoje, subira huvuta heri.

Katika jambo hili, msomaji, mara nyingi mwenye haki ni yule anayesema tungoje. Miti mingi ya aina hii haiuawi na baridi. Huuawa na panga la mwenyewe, wiki moja baadaye.

BARIDI YA JULAI SI BARIDI YA JANUARI

Watu wengi hudhani kwamba mwezi wa hatari ni Julai, kwa kuwa ndio mwezi tunaovaa makoti mawili mawili. La hasha. Baridi ya Julai huja na mawingu, na wingu ni kama blanketi juu ya ardhi. Huzuia joto la mchana lisipotee usiku.

Mambo hugeuka kati ya Desemba na Machi, wakati wa kiangazi. Mchana jua huwa kali na anga haina doa. Usiku nyota huonekana zote, wala hakuna upepo. Katika usiku wa namna hiyo, ardhi na majani hupoteza joto lake moja kwa moja kuelekea angani. Umande ulio juu ya majani huganda ukawa barafu nyembamba, nayo ndiyo iitwayo sakitu. Mnamo Januari 2012 sakitu iliunguza majani chai katika mashamba ya Kericho na kwingineko nchini, na wakulima wakapata hasara kubwa. Baridi inayoweza kuunguza chai inaweza pia kuunguza bustani yako, ikiwa uko mahali pa juu.

Jambo jingine la kujua ni kwamba hewa baridi ni nzito, na hutiririka usiku kama maji. Huteremka mlimani na kutuama bondeni. Ndiyo maana jirani aliye juu kidogo ya kilima huponea, nawe uliye chini karibu na kijito ukapigwa. Ukuta ama ua mzito ulio upande wa chini wa kiwanja nao huweza kuizuia hewa hiyo isipite, ikajaa uani mwako kama maji bwawani.

Tena usitegemee tu kipimo cha joto kilichotundikwa ukutani. Kinaweza kuonyesha nyuzi 3 ama 4 juu ya sufuri, na huku nyasi zilizo chini zimeganda. Mche mchanga wenye kimo cha goti basi hupata baridi kali kuliko mti uliokwisha kupita paa la nyumba.

MOYO MMOJA TU

Sasa tuuangalie mti wenyewe. Mparachichi ukikatwa tawi, huchipua jingine. Mkaratusi ukikatwa kabisa, kisiki hutoa machipukizi kumi. Ukoo wa mnazi haukuumbwa hivyo. Kila shina lina mahali pamoja tu pa kukulia, nako ni ndani kabisa ya kilele, katikati ya makuti. Watu wa Pwani hupaita shaha, yaani moyo wa mnazi. Kila kuti utakaloliona mwaka huu na mwaka ujao limekwisha kuanza kuumbika humo ndani.

Shaha likifa, shina hilo limekwisha, hata kama makuti ya nje yangali mabichi. Shaha likiwa hai, mti u hai, hata kama hakuna kuti hata moja la kijani linaloonekana. Makuti ni nguo. Mtu hahukumiwi kuwa maiti kwa sababu nguo zake zimeungua.

Bahati nzuri ni kwamba shaha limefunikwa na matabaka mengi ya makuti machanga na vikuta vyake. Usiku mmoja wa sakitu aghalabu huunguza majani kabla ya kufika kule ndani. Ni baridi kali mno, ama usiku mwingi wa baridi unaofuatana, ndio unaofika moyoni.

Isipokuwa ile inayoota kwa kichaka, kama mkindu. Hiyo ina mashina mengi, na kila shina lina moyo wake. Shina moja likifa, mengine huweza kuendelea.

NANI MVUMILIVU, NANI SI MVUMILIVU

Kosa la kwanza hutendeka siku ya kununua mche. Mwuzaji wa kando ya barabara hatakuuliza unakaa wapi. Yeye anataka kuuza, nawe umependa umbo la majani. Kwa hivyo ni juu yako kujua.

Mnazi wenyewe, ule wa nazi, ni mtoto wa Pwani hasa. Hupenda joto la kama nyuzi 27 mwaka mzima. Hudhoofika hata kabla ya baridi kufika kiwango cha kugandisha maji, na sakitu huuangamiza. Mtu anayetoka likizoni Malindi na mche wa mnazi katika buti la gari akaupande Kinangop, ameuhukumu kifo.

Ule mwembamba wa kichaka wenye mashina ya manjano kama mianzi, unaopendwa sana vyunguni, nao ni dhaifu. Nyuzi 1 ama 2 chini ya sufuri zatosha kuuchoma vibaya. Mti wa kifalme, wenye shina laini la kijivu kama nguzo ya saruji, hauna ustahimilivu mkubwa kuliko huo.

Mkindu wetu wa asili, ule utoao ukindu wa mikeka na vikapu, ni jasiri zaidi. Huota kuanzia Pwani hadi kando ya mito ya nyanda za juu, na huvumilia sakitu ya kawaida. Mtende wa visiwa vya Canary, wenye shina nene na makuti mengi kama mwavuli, huweza kustahimili hadi nyuzi 6 au 7 chini ya sufuri ukisha kukomaa. Mti uitwao Washingtonia, wenye majani kama kipepeo cha kupepea jiko, uko karibu na kiwango hicho.

Bingwa wao ni ule wa China uitwao kitaalamu Trachycarpus fortunei. Shina lake limevikwa nyuzi kama manyoya. Huvumilia zaidi ya nyuzi 10 chini ya sufuri. Miongoni mwa walioupeleka Uingereza katika karne ya 19 ni Robert Fortune, ambaye jina lake limo katika jina la mti huo, na hadi leo husimama nje katika bustani za huko hata theluji ikianguka.

Kumbuka lakini kwamba viwango hivi ni vya mti uliokomaa na wenye afya. Mche wa mwaka mmoja, hata uwe wa aina shujaa, ni mtoto mchanga. Mfunike.

KINGA

Mambo ya kufanya ni machache na hayana gharama kubwa. Kwanza, chagua mahali. Panda karibu na ukuta wa nyumba, kwa kuwa ukuta hufyonza joto la jua mchana na kulitoa polepole usiku. Chini ya mti mkubwa pia ni pazuri, maana matawi yake hufanya kazi ya wingu.

Pili, mwagilia maji mapema mchana unapoona usiku utakuwa wa nyota na wa utulivu. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto kuliko udongo mkavu.

Tatu, funika mche kwa gunia ama blanketi kuukuu kabla jua halijatua, na ufike mpaka chini ili joto la ardhi lisitoroke. Weka vijiti vya kuushikilia. Karatasi ya plastiki ikigusana na majani haisaidii, kwani barafu hupita mle mle. Asubuhi ondoa kifuniko, usije ukaupika mche kwa jua. Iliyo vyunguni ingizwe barazani.

Nne, lisha mti vyema. Mti uliokosa potashi huathirika upesi na baridi. Dalili yake ni madoa ya manjano na ya rangi ya chungwa katika makuti ya zamani. Weka samadi na mbolea yenye potashi wakati wa mvua, wala usiushindilie mbolea ya kukuza majani Novemba au Desemba, maana majani mororo ndiyo ya kwanza kuungua.

UMEKWISHA KUPIGWA: FANYA HIVI

Usikate makuti yaliyoungua. Hata yakiwa mabaya machoni, yanaendelea kulikinga shaha dhidi ya baridi ya usiku unaofuata, na sehemu yoyote ya kijani iliyosalia inaulisha mti. Ngoja hatari ya sakitu ipite.

Adui wa pili huja nyuma ya baridi, naye ni uozo. Sehemu zilizokufa zikishika maji, ukungu na bakteria huingia na kuteremka hadi moyoni. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida, ambako wakulima wamezijua baridi hizi miaka mingi, hushauri kunyunyizia kilele dawa yenye shaba, na kurudia mara moja baada ya siku 10 hivi. Kwetu dawa za namna hiyo hupatikana katika maduka ya pembejeo, ambako wakulima wa kahawa huziita kopa. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, wala usirudie mara nyingi, kwa sababu shaba ikizidi huudhuru mti. Vaa glavu, na watoto wakae mbali.

Sasa, utajuaje kama u hai? Tazama lile kuti changa la katikati ambalo halijafunguka, lililosimama kama mkuki. Livute taratibu kwa mkono. Likishikilia imara, hiyo ni ishara njema. Likichomoka kwa urahisi, na chini yake limeoza na kunuka, hali ni mbaya, lakini bado si mwisho. Ondoa uozo unaofikika, nyunyiza dawa, ungoje. Iko miti iliyotoa kuti jipya baada ya hapo.

Kipimo cha pili ni chepesi zaidi. Chukua kalamu ya wino usiofutika, chora mstari mmoja unaopita juu ya kuti changa na kikonyo cha kuti lililo jirani nalo. Baada ya wiki kadhaa tazama tena. Kama nusu ya mstari imepanda juu kuliko nusu ya pili, basi moyo unafanya kazi. Kazi hiyo mpe mtoto wa nyumbani, ataifurahia.

Kuti jipya likitoka limejikunja, fupi, ama lina ncha za hudhurungi, usifadhaike. Liliumia lingali ndani. Yatakayofuata yatakuwa mazuri zaidi.

NGOJA MPAKA LINI?

Mnamo Februari 2021 baridi isiyo ya kawaida iliingia jimbo la Texas, Marekani. Mjini Houston kipimo kilishuka hadi karibu nyuzi 10 chini ya sufuri, na bustani nyingi zikawa za hudhurungi. Wataalamu wa kilimo waliwasihi wenye nyumba wasikate hadi majira ya joto. Miti mingi ilikufa kweli, lakini mingine iliyoonekana kama mizoga ilichipua.

Kwetu nyanda za juu, ambako miti hukua polepole, iache mvua ndefu ya Machi hadi Mei ipite. Ikiwa Julai imefika na hakuna chochote kilichosogea kileleni, shina ukilibonyeza ni laini na linatoa maji, basi huo si ugonjwa tena. Uondoe, tena usichelewe, kwa kuwa shina lililooza huanguka bila kutoa taarifa, na watoto hucheza chini yake. Jeraha la shina katika ukoo huu haliponi kamwe.

Lakini ukiona ncha moja ya kijani ikichungulia kati ya makuti makavu, ndipo uchukue panga ukate yale yaliyokufa, ukiacha kila lenye ubichi. Na ukienda kununua mche mwingine wa kujaza pengo, mwulize mwuzaji jina lake kwanza, bei baadaye.