Mchezaji kuhamia Yanga si usaliti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo kila ligi inapomalizika huwakosesha usingizi wapenzi wa kandanda nchini, nalo ni usajili. Kabla sijaendelea nakiri wazi kwamba mimi ni Simba. Marehemu baba alikuwa Simba, na hata chuoni nilikosomea ualimu wenzangu walikuwa wakiniita Mnyama. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba nimetumwa na Jangwani.

Julai 2024 watani wetu wa Yanga walitangaza kumsajili Clatous Chama, Mzambia aliyeichezea Simba tangu mwaka 2018, ukiacha miezi michache aliyokuwa RS Berkane ya Morocco. Jeraha hilo halijapona, kabla ya msimu wa 2025/26 wakamchukua na nahodha wetu, Mohamed Hussein "Tshabalala", ambaye alivaa jezi nyekundu tangu mwaka 2014. Wapenzi wengi wa Simba walitukana, wengine wakachoma jezi moto kwa hasira.

Mimi pia simo katika wasio na hatia. Siku habari ya Chama ilipofika hapa kijijini tulikuwa kijiweni tunakunywa kahawa. Mzee mmoja wa Yanga alifurahi mno, akawanunulia watu wote. Mimi nilikataa kikombe chake, nikasema kwa sauti, "Huyo Chama ni msaliti!" Watoto walikuwa wamesimama pale wakisikiliza, nami sikuwajali.

Shule zilipofunguliwa nilivuna nilichopanda. Yupo kijana wa darasa la sita, kipa hodari, ambaye wakati wa likizo alihamia kwa bibi yake katika kitongoji cha pili. Kwa kuwa alihamia huko, akaanza kudaka katika timu ya huko. Siku vitongoji viwili vilipokutana, wenzake wa zamani walimzomea tangu mwanzo hadi mwisho: "Chama! Msaliti!" Mpira ulipokwisha wakamvizia njiani na kumpiga. Siku tatu hakuonekana shuleni.

Nilikwenda kwa bibi yake. Baada ya shikamoo na marahaba, bibi aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, huyo msaliti ni mtu aliyefanya nini?" Ndugu Mhariri, nimefundisha Kiswahili kwa miaka kumi, lakini siku hiyo nilikosa jibu.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilianza kujiuliza. Hivi Chama alifanya kosa gani? Mkataba wake na Simba ulikwisha. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji akibakiza miezi sita au pungufu katika mkataba wake, yuko huru kuzungumza na klabu nyingine. Hakutoroka, wala hakuiba kitu. Alifanya kazi aliyoajiriwa kufanya, muda ukaisha, akapata mwajiri mwingine. Mimi mwenyewe niliomba uhamisho kutoka shule yangu ya kwanza ili niwe karibu na mama yangu aliyekuwa mgonjwa. Wanakijiji wa kule hawakuniita msaliti. Walinipa jogoo na kuniombea safari njema. Kwa nini basi mcheza mpira, ambaye muda wake wa kazi ni mfupi kuliko wa mwalimu, atukanwe?

Tena sisi Simba tuna usahaulifu wa ajabu. Mwaka 2017 tulipomchukua Haruna Niyonzima kutoka Yanga tulishangilia. Mwaka 2020 tulipomchukua Bernard Morrison, huku Yanga wakilalamika kwamba ana mkataba nao, tulicheka mpaka mbavu zikauma. Emmanuel Okwi alikwenda Yanga akarudi kwetu, na Ibrahim Ajibu vivyo hivyo, na wote tuliwapokea kwa shangwe. Ikiwa mchezaji akija kwetu ni shujaa na akienda kwao ni msaliti, basi hatuhukumu kwa haki. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sasa nizungumzie usajili wa watani wenyewe. Kusema kweli, wamejua kupanga kazi. Kuanzia mwaka 2018 hadi 2021 sisi tulitwaa ubingwa mara nne mfululizo. Wao hawakukaa wakilia. Mwaka 2021 walimleta kipa Djigui Diarra, kiungo Khalid Aucho na mfungaji Fiston Mayele. Mwaka uliofuata wakamleta Stephane Aziz Ki. Mwaka 2023 Mayele alipoondoka kwenda Pyramids ya Misri tulidhani wamekwisha. Kumbe walikwishawaleta Maxi Nzengeli na Pacome Zouzoua, na Novemba 5 mwaka huo huo wakatufunga mabao 5 kwa 1. Ubingwa wakautwaa mara nne mfululizo, kuanzia 2022 hadi 2025. Timu ambayo mchezaji wake bora akiondoka haiyumbi, hiyo ina watu wanaofikiri mapema. Hilo tuwaige bila kuona haya.

Lakini pia nawakosoa. Kuna usajili wa kujaza pengo na kuna usajili wa kumkomoa jirani. Walipomchukua Chama walikuwa tayari na Aziz Ki na Pacome, watu wa kazi ile ile. Mimi naona furaha yao kubwa ilikuwa kutuumiza roho. Hata sisi tumewahi kufanya hivyo. Fedha inayotumika kumkomoa jirani ingeweza kununua mipira na viatu vya vijana wangapi?

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Suala la Tshabalala lina somo zaidi, maana yeye ni Mtanzania. Klabu inaruhusiwa kusajili wageni 12 tu, kwa hiyo mzalendo mwenye kiwang'o cha juu ni lulu. Tunagombania lulu hizo chache kwa sababu hatuzalishi nyingine. Katika mashindano ya UMITASHUMTA nimeona watoto wanaocheza peku wakafanya maajabu, kisha wakamaliza darasa la saba na kuishia kwenye jembe, mpira wao ukafa. Wapo beki wa kushoto wangapi katika vijiji vyetu ambao hakuna kiongozi wa klabu aliyewahi kuwatazama?

Kwa hiyo nawashauri wapenzi wenzangu wa Simba. Mchezaji wetu akihama, badala ya kumtukana, tuwaulize viongozi wetu: kwa nini mkataba uliachwa ukaisha? Nani ameandaliwa kushika nafasi yake? Hayo ndiyo maswali ya mwanachama mwenye uchungu na klabu yake. Matusi hayamrudishi mchezaji, wala hayafungi bao.

Mimi nimekwisha anza kwangu. Asubuhi moja, wanafunzi wakiwa mstarini, niliwaomba radhi mbele ya walimu wenzangu, nikasema neno lile nililitamka mimi kwanza na lilikuwa baya. Yule kipa alikuwapo, amesimama nyuma. Jioni yake alirudi uwanjani na timu ya kitongoji cha bibi yake, nao wenzake wa zamani walimfunga bao moja tu kwa taabu kubwa. Naye mzee wa Yanga nilimfuata kijiweni, nikamwambia sasa nakidai kile kikombe changu cha kahawa. Alinipa, lakini alinitania mpaka kahawa ikapoa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.